Oili ya Gia ya Mashine ya Zamani: Soma Chupa Kabla ya Kununua

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Wilaya ya Ilala

Natumaini nyote mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Somo la leo ni la kusoma, na la hesabu kidogo, na la ufundi. Wewe uliyelikosa redioni, au uliyelisikia lakini hukuwahi kuandika, utalipata hapa lote. Soma polepole. Ukifika mahali pagumu, rudi nyuma usome tena; hakuna anayekukimbiza.

Swali letu ni hili: ukiwa na mashine ya boti ya zamani, utachaguaje oili ya gia iliyo sawa?

Huenda ukasema, "Mimi si nahodha. Somo hili lanihusu nini?" Ngoja kidogo. Wilaya yetu ya Ilala ina sehemu mbili ambazo hazipo mbalimbali sana. Upande wa bahari kuna soko la samaki la Feri, pale Magogoni, ambako boti hushusha samaki alfajiri. Upande wa bara kuna Kariakoo na Gerezani, ambako huuzwa vipuri vya kila namna. Kati ya sehemu hizo hupita watu wengi kila siku: mabaharia, mafundi, wachuuzi wa samaki, na vijana wanaotumwa dukani. Mama aliyenunua mashine kwa fedha za upatu na kumkabidhi nahodha, huyo ndiye mwenye mashine, ijapokuwa hapandi boti. Kijana anayetumwa Gerezani kununua oili, naye amebeba maisha ya watu mkononi mwake. Akileta chupa isiyo sawa, hasara haitaonekana siku ile. Itaonekana baadaye, huko baharini.

Mashine ikifa nchi kavu ni hasara tu. Ikifa nje ya kisiwa cha Sinda wakati wa kusi, ni hatari. Tena kifo cha gia ni kifo cha ajabu. Injini yaweza kunguruma vizuri kabisa, lakini rafadha haizunguki, kwa sababu meno ya gia yamesagika. Hapo petroli haisaidii, wala plagi mpya haisaidii. Chombo kitachukuliwa na maji kama gogo, na watu wake ndani.

Basi tuanze.

1. GIA IKO WAPI?

Mashine tunayoizungumza ni ile ya kupachika, inayofungwa nyuma ya boti. Juu kuna kichwa, ndiyo injini yenyewe, inayochoma petroli. Chini kuna mguu mrefu unaoingia majini. Mwisho wa mguu kuna rafadha, ambayo wengine huiita propela.

Ndani ya mguu mna shafti iliyosimama wima. Shafti hiyo huzungushwa na injini. Lakini rafadha haizunguki wima. Imelala, ikitazama nyuma. Je, mzunguko wa kusimama huwaje mzunguko wa kulala? Kazi hiyo hufanywa na gia. Chini kabisa ya mguu, mahali palipovimba kama ndizi nene, mna sanduku dogo ambalo mafundi huliita giaboksi. Ndani yake gia ndogo ya shafti ya juu huuma gia mbili kubwa zaidi: moja ya kwenda mbele, na moja ya kurudi nyuma.

Sasa fikiri. Nguvu yote ya injini hupita katika meno machache ya chuma. Meno hayo husukumana na kuteleza, moja juu ya jingine, maelfu ya mara kila dakika. Chuma kikigusa chuma hivyo, hupata moto, hulika, na mwisho huvunjika. Oili ya gia huingia kati ya jino na jino, isiruhusu vigusane. Hupoza moto. Huzuia kutu. Ndiyo kazi yake, na hufanya kazi hiyo katika sanduku lililozungukwa na maji ya chumvi pande zote.

Neno moja la kuonya. Yale maji unayoyaona yakitoka kama mkojo nyuma ya mashine inapofanya kazi, hupoza injini ya juu. Hayahusiani na oili ya gia. Mtu asiseme, "Maji yanatoka vizuri, basi gia ni salama." Hayo ni mambo mawili.

2. OILI TATU ZISIZOFANANA

Dukani utakuta chupa nyingi zinazofanana sura. Tuzigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni oili ya kuchanganya na petroli. Mashine nyingi za zamani huitumia hiyo katika tangi. Chupa zake zimeandikwa 2T. Na zile za mashine za baharini zimeandikwa TC-W3. Oili hii ni nyepesi, na imetengenezwa iungue pamoja na petroli. Usiitie katika gia.

Fungu la pili ni oili ya injini za magari. Utaona namba kama 40, au 20W-50. Hii imetengenezwa kwa injini, haikukusudiwa meno ya gia yanayogandamizana. Nayo usiitie katika gia.

Fungu la tatu ni oili ya gia. Juu ya chupa pameandikwa "GEAR OIL". Yaandike maneno hayo mawili katika daftari lako sasa, herufi kubwa, hata kama hujui Kiingereza. Macho yako yayazoee. Mara nyingi utaona pia neno "HYPOID". Hipoidi ni namna ya gia ambazo meno yake huteleza sana yanaposukumana. Oili ya hipoidi ina dawa inayoshikamana na chuma, hata mgandamizo uwe mkubwa namna gani. Dawa hiyo ina kiberiti ndani yake, na ndiyo sababu oili ya gia ina harufu kali.

Je, vipi rangi? Usichague kwa rangi. Oili ya gia yaweza kuwa ya kahawia, ya buluu au ya kijani, kwa kadiri mtengenezaji alivyopenda. Rangi haikuambii kitu. Maandishi ndiyo yanayosema.

Na grisi? Wako watu ambao giaboksi yao ikivuja huijaza grisi, wakisema, "Grisi haivuji." Ni kweli haivuji upesi, lakini gia ikizunguka huisukuma grisi pembeni, na grisi hairudi. Beringi hubaki kavu. Ziko mashine chache za kale sana ambazo kitabu chao chenyewe hutaka grisi. Kama kitabu chako hakisemi hivyo, usitie grisi.

3. TUSOME NAMBA

Sasa chukua kalamu. Andika mstari huu:

SAE 80W-90 GL-4

Mstari kama huu utaukuta katika chupa nyingi. Tuusome kipande kwa kipande.

SAE ni jina la chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1905. Chama hicho ndicho kilichoweka namba za kupimia uzito wa oili, yaani jinsi inavyotiririka. Namba ikiwa ndogo, oili ni nyepesi, hutiririka upesi. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito, hutiririka polepole kama asali.

80W ni uzito wake wakati wa baridi. Herufi W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi kali. Kwetu Dar es Salaam hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo namba hii haitusumbui sana.

90 ni uzito wake inapokuwa na moto. Namba hii ndiyo ya kuitazama kwanza. Kama chupa imeandikwa SAE 90 peke yake, bila 80W, kwetu hapa itafaa vile vile.

GL-4 ni daraja la dawa iliyomo. Madaraja huanza GL-1 na kuendelea. GL-4 ina dawa ya kiasi cha katikati. GL-5 ina dawa nyingi zaidi.

Hapa watu wengi hukosea, kwa hiyo sikiliza vizuri. Mtu husema, "Tano ni kubwa kuliko nne, basi GL-5 ni bora." Au husema, "Mia na arobaini ni kubwa kuliko tisini, basi 140 italinda zaidi." Sivyo. Mtu anayevaa kiatu namba 7 hanunui namba 9 kwa sababu 9 ni kubwa. Hununua kinachomtosha. GL-5 si mbaya. Watengenezaji wengine huitaka. Lakini katika mashine za zamani mna vipande vya rangi ya shaba, na baadhi ya oili za GL-5 zaweza kuvila vipande hivyo pole pole. Kama kitabu chasema GL-4, nunua GL-4.

Jambo jingine: namba za oili ya gia na namba za oili ya injini ni mizani mbili mbalimbali. Oili ya gia 90 haizidi uzito wa oili ya injini 50 hata kidogo mara mbili, kama namba zinavyoonyesha. Kwa kweli zinakaribiana. Ni kama mtu mmoja kupima kitambaa kwa yadi na mwingine kwa mita. Kwa hiyo usilinganishe namba ya chupa ya gia na namba ya chupa ya injini.

4. MASHINE YAKO YATAKA NINI?

Mashine za kupachika zina historia ndefu. Ole Evinrude, aliyezaliwa Norwei mwaka 1877 na kukulia Marekani, alianza kuuza za kwake huko Marekani mwaka 1909. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa ya kwanza yake mwaka 1960. Katika miaka yote hiyo watengenezaji hawakuunda giaboksi za namna moja. Ndiyo sababu hatuwezi kusema, "Mashine zote za zamani hutumia oili ile ile." Tutazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Yamaha za petroli ya kuchanganya, zile zinazotumiwa sana na wavuvi wa pwani yetu. Vitabu vyake husema: oili ya gia ya hipoidi, SAE 90. Ukitia oili ya gia ya mashine za baharini ya uzito huo, au 80W-90 ya GL-4, umefanya sawa.

Mfano wa pili ni British Seagull, mashine ya Uingereza. Hii yataka oili nzito zaidi, 140. Tena giaboksi yake haikufungwa kwa nguvu kama za mashine nyingine. Maji kidogo huingia na kuchanganyika na oili, na mtengenezaji alilijua jambo hilo tangu mwanzo. Kwa hiyo 140, ambayo si sawa kwa Yamaha, ndiyo sawa kwa Seagull.

Mfano wa tatu ni baadhi ya Johnson na Evinrude za miaka ya 1960, ambazo zilibadili gia kwa nguvu ya umeme. Hizo zilitaka oili maalum, nyepesi. Ukizitia 90 ya kawaida huenda gia zikashindwa kushika. Kampuni iliyokuwa ikiunda Evinrude ilitangaza mwaka 2020 kuacha kazi hiyo, kwa hiyo mwenye mashine hiyo atunze kitabu chake kama hati ya nyumba.

Umeona? Mashine tatu, oili tatu. Basi kanuni ya kwanza ni hii: oili iliyo sawa ni ile iliyotajwa katika kitabu cha mashine yako.

"Lakini mimi sina kitabu. Mashine niliinunua mkononi mwa mtu." Hilo ni jambo la kawaida. Fanya hivi. Tazama kwenye chuma kinachobana mashine na boti. Hapo huwa pana kibati kidogo chenye herufi na namba. Kisafishe chumvi kwa kitambaa na maji baridi. Nakili herufi zote na namba zote katika daftari, bila kuruka hata moja, hata kama huzielewi. Kisha nenda kwa wakala wa mashine za aina hiyo, au kwa fundi mwenye vitabu, umwonyeshe. Herufi hizo ndizo jina la mashine yako. Bila jina hilo, fundi naye atakuwa anabahatisha.

5. DUKANI

Tuseme umekwisha kujua kuwa mashine yako yataka hipoidi SAE 90. Umefika dukani Gerezani. Usiseme tu, "Nipe oili ya mashine ya boti." Muuzaji ana haki ya kukupa yoyote. Mazungumzo na yawe hivi:

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri, mzee wangu. Karibu."

"Naomba oili ya gia, themanini tisini, GL nne."

"Ipo hii, mzee. Wote wanachukua hii."

"Ahsante. Niruhusu niisome kwanza."

Kisha isome. Si utovu wa adabu kusoma kabla ya kulipa. Tazama mambo manne.

Kwanza, je, pameandikwa "GEAR OIL"?

Pili, je, namba ni ile uliyoiandika katika daftari?

Tatu, je, kifuniko kina pete yake, na pete haijakatwa? Chupa nzuri yaweza kujazwa oili chafu iliyochujwa. Kifuniko kilichokwisha kufunguliwa ni dalili mbaya.

Nne, je, kuna jina la mtengenezaji, na alama ya ubora? Hapa kwetu viwango vya bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975.

Ukiridhika, lipa, na udai risiti. Kama oili ni ya kupimiwa kutoka pipani, huna chupa ya kusoma. Hapo unanunua maneno ya mtu. Mashine ndogo ya nguvu za farasi 15 haitumii hata nusu lita ya oili ya gia. Je, kwa kiasi hicho kidogo, yafaa kuhatarisha mashine nzima?

6. TAZAMA OILI INAYOTOKA

Sasa twafika kwenye jambo kubwa la somo hili. Mashine ya zamani yaweza kutiwa oili bora kuliko zote, na bado ikafa, kwa sababu maji yanaingia. Chupa inakuambia unachotia. Oili inayotoka inakuambia hali ya ndani. Lazima usome zote mbili.

Oili ikitoka safi, ya rangi ya kahawia, laini katika vidole, gia ni nzima.

Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Chumvi itakula beringi, na oili ya maziwa haishiki meno vizuri.

Oili ikitoka nyeusi na ina harufu ya kuungua, gia imepata moto mno. Huenda oili ilikuwa kidogo, au haikubadilishwa muda mrefu.

Ukiona unga laini sana wa chuma, kama majivu, si ajabu. Gia hulika kidogo kidogo. Lakini ukiona vipande vinavyomeremeta, unavyoweza kuvihesabu, usiende baharini. Peleka mashine kwa fundi afungue.

Kuna njia rahisi ya kujua kama mna maji. Iache mashine imesimama wima usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatakaa chini. Asubuhi legeza skrubu ya chini kidogo tu. Yakitangulia maji, umepata jibu.

Maji huingia wapi? Mara nyingi huingia kwenye sili, yaani mpira unaoziba mahali shafti ya rafadha inapotokea. Adui mkubwa wa sili ni mshipi wa nailoni na nyuzi za nyavu. Uzi hujizungusha nyuma ya rafadha, hujikaza, na kuukata mpira. Kwa hiyo vua rafadha mara kwa mara, utazame nyuma yake, na uondoe kila uzi.

Watu wengine, wakiona oili inavuja, hununua oili nzito zaidi ili isitoke. Hiyo ni kumfunga mgonjwa shuka bila kumpa dawa. Mahali oili inapotokea ndipo maji yanapoingia. Sili haina bei kubwa ukilinganisha na gia. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika giaboksi ufa ni sili, na ukuta ni gia zote pamoja na shafti zake.

Kumbuka lakini ile Seagull tuliyoitaja. Kwake oili kuchanganyika na maji si ugonjwa peke yake. Dawa yake ni kubadili oili mara kwa mara.

7. JINSI YA KUBADILI

Mashine nyingi zina skrubu mbili kubwa ubavuni mwa giaboksi, moja chini na moja juu. Fuata hatua hizi kwa mpango wake.

Hatua ya kwanza: simamisha mashine wima. Weka chombo chini yake.

Hatua ya pili: fungua skrubu ya chini, kisha ya juu. Ya juu huingiza hewa, na oili hutoka yote. Ngoja mpaka itone tone la mwisho.

Hatua ya tatu: tia oili mpya kutoka tundu la CHINI, kwa pampu ndogo au kwa chupa yenye mdomo mwembamba, mpaka itokee tundu la JUU bila mapovu. Kwa nini chini? Kwa sababu ukitia kwa juu, hewa hubaki ndani. Utadhani pamejaa, kumbe ni nusu.

Hatua ya nne: funga skrubu ya juu kwanza. Ndipo uondoe pampu na kufunga ya chini upesi. Ukifunga ya juu kwanza, oili haitashuka haraka.

Hatua ya tano: tia wosha mpya katika skrubu zote mbili. Wosha ya zamani imekwisha kubanwa, haizibi tena.

Onyo: mashine nyingine, hasa Johnson na Evinrude, zina skrubu nyingine karibu na ya chini, yenye kichwa cha alama ya msalaba. Hiyo si ya oili. Inashika chuma cha kubadilia gia ndani. Usiiguse. Ukiifungua, chuma huondoka mahali pake, na itabidi sanduku zima lifunguliwe.

Oili chafu usiimwage baharini wala mferejini. Mferejini huenda Msimbazi, na Msimbazi huenda baharini, na baharini ndiko samaki wetu wanakotoka. Itie katika dumu, uifunike, umpelekee fundi anayekusanya.

8. HESABU YA LEO

Kanuni ya vitabu vingi ni kubadili oili ya gia kila baada ya saa 100 za kazi, au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Tuseme boti yako hufanya kazi saa 5 kwa siku, na siku 20 kwa mwezi.

5 × 20 = 100

Maana yake saa 100 zimetimia kwa mwezi mmoja tu. Mtu anayesema, "Nabadili kila miezi sita kama kitabu kinavyosema," amesoma nusu ya sentensi. Katika miezi 6 mashine yake imefanya saa 600. Kitabu kilisema saa 100 au miezi 6. Neno "au" ni dogo, lakini limebeba mashine nzima.

Kwa hiyo tenga ukurasa mmoja wa daftari. Kila siku andika tarehe na saa za kazi. Jumlisha kila Ijumaa. Zikitimia 100, badili oili, na uandike jinsi ile ya zamani ilivyotoka: safi, maziwa, au nyeusi. Kama mwenye mashine ni wewe mama uliye Feri sokoni, mwambie nahodha akuletee hesabu hiyo pamoja na hesabu ya samaki. Ni haki yako. Na nahodha mwema atafurahi, kwa kuwa ndiye anayekwenda nayo baharini.

MASWALI YA DARASANI

Jibu kwa maandishi, kisha someaneni majibu.

1. Kwa nini injini yaweza kunguruma na boti isiende?

2. Chupa imeandikwa TC-W3. Je, utaitia katika gia? Toa sababu.

3. Soma: SAE 85W-140. Je, oili hii ni nyepesi au nzito kuliko SAE 90?

4. Mwenzako anasema GL-5 ni bora kwa mashine zote kwa kuwa 5 ni kubwa. Utamjibuje?

5. Oili imetoka kama chai ya maziwa katika Yamaha. Utatazama wapi kwanza?

6. Boti hufanya kazi saa 4 kwa siku. Saa 100 zitatimia baada ya siku ngapi?

Kazi ya nyumbani: tafuta chupa yoyote ya oili, dukani au kwa fundi. Nakili maandishi yake yote katika daftari. Uje nayo darasani, tuyasome pamoja.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.